Nilivyosafisha Barua za Baba

Mimi nikiona barua pepe chafu mwili unaniwasha. Mtu anakuletea ujumbe uliopita kwa watu sita, kila mmoja ameuachia vialama vyake vya mshale pembeni. Majina ya waliotuma yamerundikana juu, katikati kuna "asante sana dia", chini kuna "imetumwa kutoka kwa simu yangu", na ule ujumbe wenyewe, mstari mmoja tu, umejificha humo ndani kama jiwe kwenye maharagwe. Na huyo mtu hana haya. Anabonyeza tu, anakurushia. Kwani vidole vimekatika?

Mimi ni sekretari wa shule ya upili, upande wa Makueni. Mwalimu mkuu wetu ni mtu mzuri, lakini akiandika utadhani anakimbizwa na nyuki. Sentensi haina mwanzo, haina mwisho, na akikasirika herufi zote zinakuwa kubwa. Kwa hivyo barua zake hupitia kwangu kwanza. Nafuta mishale, nafuta majina, nateremsha herufi, nakata aya, naondoa matusi kama yapo, na kuna siku yapo, ndipo nafowadi kwa wakubwa. Wakubwa husema shule yetu ina adabu. Adabu hiyo ni yangu, mimi na kiti changu kilichopasuka, lakini nani ataandika hivyo kwenye ripoti?

Aliyenifundisha hayo yote ni baba. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi mpaka akastaafu, na barua zetu za shule ya bweni alikuwa anazirudisha zimesahihishwa kwa kalamu nyekundu. Ndiyo, unamwandikia baba yako kwamba sabuni imekwisha, anakurudishia barua yako mwenyewe na alama, halafu ndani ameweka hela ya sabuni. "Barua ni wewe unaingia nyumbani kwa watu," alikuwa anasema. "Utaingia na kamasi puani?" Sisi watoto tulikuwa watatu, mimi wa kwanza, kisha kaka yangu, kisha kitindamimba wetu, na sote tulijua kufunga barua kabla ya kujua kupika ugali. Mimi nilirithi jina la mama yake, ndiyo maana hajawahi kuniita kwa jina. Ananiita mwaitu, yaani mama yangu. Wale wengine wawili anawaita kwa majina yao kama kawaida. Mwaitu ni mimi peke yangu.

Sasa, yule kitindamimba ni nesi, anafanya kazi Kitui, na huko akapata kijana wa Migwani. Kijana mpole, wa kanisa, hana maneno mengi. Hakumzungusha. Alisema anataka kuleta mbuzi wa ntheo, na alimaanisha. Asiyejua mambo ya Wakamba nimwambie kwa ufupi: mwanamke anaweza kukaa na mwanamume, akazaa, akazeeka, lakini kama mbuzi wa ntheo hawajaletwa kwao wakachinjwa na wazee wa pande zote mbili wakala, hajaolewa. Hata akifa, anarudishwa kuzikwa kwao. Cheti cha serikali ni kizuri, harusi ya kanisani ni nzuri, lakini mzee wa kwetu atakuuliza tu: ntheo ililiwa?

Mimi yangu haikuliwa. Niliishi na baba wa mtoto wangu miaka, na kila Desemba alisema Desemba ijayo. Mwishowe nilirudi nyumbani kwetu Mukuyuni na sanduku langu na mtoto wangu, na baba alinipokea langoni, akabeba sanduku, hakuuliza kitu. Mama pia hakuuliza. Lakini nilijua wanangoja. Mama alingoja mpaka akafa. Amelala pale nyuma ya michungwa.

Kwa hivyo ntheo ya mdogo wangu haikuwa sherehe tu. Ilikuwa ile moja ambayo baba angeiona. Wakwe walikuwa wanakuja, na kwetu mkwe humwonyeshi kila kitu. Kuna neno, nthoni, ambalo ni heshima na haya kwa pamoja, na mtu huwa nayo hasa mbele ya wakwe. Huli hovyo mbele yao, husemi hovyo. Na baba wa binti hawaandikii moja kwa moja. Lazima pawe na mtu katikati wa kupitishia maneno. Baba wa kijana alikuwa amefariki, na aliyesimamia mambo yao ni baba yake mkubwa, karani mstaafu na mzee wa kanisa kule Migwani. Yeye na baba yangu walikuwa watu wa aina moja. Vikundi vya simu, vile vya kutumiana picha za maua kila asubuhi, walisema ni vya wasio na kazi. Wao ni imeili, kwa sababu imeili inakaa. Mtu wa katikati nikachaguliwa mimi. Nani mwingine? Si ndiyo kazi yangu?

Barua ya kwanza ya baba ilikuja yote kwa herufi kubwa. Simu ilikwama hapo, na hakujua kuirudisha au hakujali. SALAMU KWA JINA LA BWANA. SISI HUKU HATUJAMBO ILA JUA NI KALI. Nilicheka peke yangu ofisini. Nikateremsha herufi, nikaweka nukta, nikafuta habari za kuku aliyeibwa na mwewe, nikafowadi kwa mzee wa Migwani na kwa kaka yangu, ambaye ana duka la vifaa vya ujenzi katika mji mmoja wa barabara ya Mombasa na hana muda wa kusoma barua ndefu. Mambo yakaenda sawa.

Barua ya pili ilisema habari ya mbuzi mara tatu, na kila mara kwa siku tofauti. Nikampigia simu, akanipa siku moja, nikaiandika hiyo. Si uzee tu? Ya tatu ndiyo ilinifanya nifunge mlango wa ofisi.

MAMA YENU ANASEMA VITI VYA KANISA VITATOSHA MSIAZIME SOKONI.

Nilisoma mstari huo, nikainuka, nikachungulia dirishani, nikarudi kukaa. Baba alikuwa amemzika mama mwenyewe. Alirusha udongo kwa mkono wake. Nikashuka chini zaidi.

MWAITU NIMEFURAHI HUYO KIJANA AMEKUMBUKA KUJA. MWAMBIE HATUNA KINYONGO. AKICHELEWA SI KITU BORA AMEFIKA.

Ai! Huyo kijana hakuwa wa mdogo wangu. Huyo alikuwa wangu, yule wa Desemba ijayo. Kichwani mwa baba ntheo iliyokuwa inakuja ilikuwa yangu.

Wacha niseme wazi, kwa sababu nikizungusha maneno nitakuwa nasafisha tena. Sikuhuzunika kwanza. Niliona aibu. Niliona aibu ya baba, mwalimu mkuu mzima, anaandika kama mlevi. Niliona aibu yangu, kwamba kumbe kidonda kile hakijapona ndani ya mtu aliyekuwa hakigusi kabisa. Nikawaza mzee wa Migwani akisoma hayo, awaite mke wake na watoto, aseme, oneni hawa watu tunaotaka kuoa kwao, baba amerukwa na akili na binti mkubwa aliachwa. Nikafuta. Nikaandika kwamba baba anashukuru, viti vipo, na familia inawangoja kwa furaha. Nikafowadi kabla moyo haujabadilika.

Mtu ataniuliza, hukwenda kumwona? Nilikwenda. Nilikuwa naenda karibu kila wikendi. Na ukimwona baba, hakuna ubaya. Amevaa kofia yake, anamwagilia sukuma wiki, anauliza mtoto wako amefika darasa gani. Akikosa neno anacheka, anasema, "Aa, si unajua tu." Kwa mdomo alijua kujificha. Ni kwenye kuandika ndiko alikokuwa uchi, na msomaji wake wa kwanza nilikuwa mimi. Watu husema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Baba yangu alikuwa hai, anakula, anatembea, na mimi nilishajifanya mwosha.

Na nilikuwa mwosha hodari! Hilo ndilo linanichoma mpaka leo. Kadiri barua zake zilivyozidi kuharibika, ndivyo zilivyotoka kwangu zimependeza. Nilikuwa naijua sauti yake ya zamani. Nilijua angeanza vipi, angeweka methali gani, angefunga vipi. Akituma takataka, mimi nafumba macho, namkumbuka vile alivyokuwa ananisahihisha, halafu naandika kama yeye. Kuna siku nilimaliza barua nikaisoma tena nikatabasamu. Nilijiona mtoto mwema.

Mzee wa Migwani akajibu. Nayo barua yake nikaipangusa kidogo, kwa mazoea tu, ingawa haikuhitaji. Alisema kwao wanazisoma barua za baba kwa sauti baada ya chakula, na vijana wanaambiwa wasikilize mtu aliyesoma kweli. Halafu akaomba jambo moja. Alisikia sisi tumepanga baba mdogo, yaani mdogo wa baba, awe msemaji wetu siku hiyo, jambo ambalo ni la kawaida. Lakini wao, kwa heshima zote, wangependa kumsikia mwenye barua mwenyewe.

Nilivimba kichwa, nisidanganye. Nikamfowadia kaka upesi. Akanipigia simu kutoka dukani, nyuma yake nasikia mtu anaitisha misumari.

"Umeona?" akasema. "Wamemtaka mzee mwenyewe. Basi baba mdogo apumzike."

"Kwani baba ataweza?" nikauliza. Niliuliza kwa sauti ndogo, kama mtu anayetaka aambiwe ndiyo.

"Atashindwa aje, na barua anaandika hivyo? Wewe nawe. Huyu atatuzika sisi wote."

Hapo ndipo mlango ulikuwa wazi. Ningesema, kaka, barua hizo si zake. Nikasema, "Haya, nitamwambia."

"Nitamwambia mimi," akasema, na akamwambia. Baba alimjibu, "Sawa." Siku mbili hivi baadaye nikapata hii.

MWAITU PELEKA HII KWA WOTE. KWA NDUGUYO NA KWA WAKWE. MIMI NISISIMAMISHWE. BABA MDOGO ASIMAME. MANENO YANANIPOTEA NAFUNGUA MDOMO NAKUTA HAYAPO. SITAKI KUAIBISHA MTOTO. VITI VIKO WAPI. MAMA YENU AMEENDA KANISANI TANGU ASUBUHI HAJARUDI.

Nimeisoma mara nyingi tangu siku hiyo, na kila nikiisoma naona kitu ambacho sikutaka kukiona wakati ule. Ile sehemu ya katikati haina kosa. Ni mtu anayejijua, anaomba. Nilikuwa na ruhusa ya kufuta viti, nilikuwa na ruhusa hata ya kumfuta mama, nikaacha hiyo katikati peke yake, iende. Ndiyo kazi yenyewe ya kusafisha: kutoa jiwe, kuacha maharagwe. Mimi nilimwaga vyote. Niliwaza, nitawaambiaje watu wanaosoma barua zake mezani kwamba mwenye barua hana maneno? Na wakiuliza, je, zile nyingine aliandika nani? Aibu ya baba na aibu yangu zilikuwa zimeshashonwa pamoja, nikivuta moja nyingine inakuja.

Nikasema nitampigia kaka jioni nimweleze pole pole. Jioni ikafika na sikupiga. Kwa wote nilifowadi mistari mitatu: baba anawasalimu, maandalizi yanaendelea vyema, anaingoja siku hiyo kwa hamu.

Wakaja Agosti, asubuhi, kwa magari mawili, na mbuzi nyuma ya pikapu wakilalamika. Kina mama wa kanisa walikuwa wameamka mapema, muthokoi, yale mahindi yetu yaliyokobolewa, iko motoni, chai iko kwenye mitungi. Mimi nilikuwa jikoni nyuma ya nyumba, leso kiunoni, mikono mafuta mpaka kwenye kiwiko. Lakini nilijipanga mahali ambapo ningemwona baba. Alikuwa amevaa suti ile ya kustaafu. Imemzidi siku hizi. Alikaa mbele chini ya turubai, kofia magotini, na wageni walikuwa wanakuja mmoja mmoja kumpa mkono na kumwambia, "Mzee wa barua!" Yeye anacheka, anasema, "Aa, si unajua tu."

Kukaombwa, kukaimbwa, watu wakajitambulisha. Wakataniana, kama ilivyo. Wao wakasema wametoka mbali, wametembea jua lote la Kitui kutafuta kitu kilichopotea. Sisi tukasema kwetu hakuna kitu cha wizi, watafute kwa jirani. Watu wakacheka. Kisha mzee wa Migwani akainuka, mrefu, mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi, akasema amekuja kuona mdomo unaofanana na kalamu ile. Watu wakapiga makofi. Kaka akamshika baba mkono, akamsimamisha.

Kwetu mbuzi hawanolewi kisu kabla binti hajaulizwa. Baba anamwita mbele ya watu, anamwuliza kama anawajua hawa, na kama nyama yao iliwe. Akikataa, mbuzi wanarudi. Mdogo wangu alikuwa ndani ya nyumba na wenzake, amefunikwa leso, anangoja kuitwa.

Baba alisimama kimya. Mdomo ukafunguka, ukafungwa. Watu walidhani ni heshima, kwamba mzee mkubwa hakimbilii neno. Mimi nilijua. Nilishika ukingo wa sufuria, na sikuhisi moto.

"Mwaitu," akaita.

Jamaa zetu wakageuka wote kutazama jikoni.

"Mwaitu, njoo. Usiogope. Hawa watu unawajua?"

Nikatoka jikoni. Wageni hawakujua mwaitu ni nani. Walimwona mwanamke wa makamo, leso ya jikoni, kijiko mkononi. Mmoja wao, mchangamfu, akapaza sauti, "Ngai! Sisi tulitaka mwari, mnatuletea na mama yake?" Turubai zima likacheka. Mimi pia nilicheka, Mungu anisamehe, nikadhani kicheko kitatubeba sote mpaka ng'ambo.

Baba hakucheka. Alikuwa anamtazama yule kijana, bwana harusi, aliyekaa wima na tai yake.

"Umechelewa," akamwambia, kwa upole kabisa. "Umechelewa sana. Mama yake alikungoja mpaka akachoka. Lakini mimi sina kinyongo. Mwaitu, sema. Mbuzi wake tule?"

Hakuna aliyecheka tena. Nilikuwa nimesimama katikati, na watu wote wa kijiji waliokuwa wameacha kusema habari zangu miaka mingi walikuwa wananitazama. Nikisema ndiyo, namwozesha bwana wa mdogo wangu kwangu mwenyewe mbele ya kanisa. Nikisema, baba, si mimi, namvua nguo mbele ya wakwe. Sikusema kitu. Mimi, mwenye maneno mazuri.

Aliyetoka ni mdogo wangu. Alitoka ndani mwenyewe bila kuitwa, leso imemwanguka kichwani, akamshika baba mkono. "Baba, niulize mimi," akasema. "Nawajua. Tule." Machozi yalikuwa yanamtiririka, na sauti haikutetemeka.

Baba alimtazama. Akanitazama mimi. Nikaona kitu kikirudi machoni mwake, taratibu, kama mtu anayetambua ameingia nyumba ambayo si yake. Alielewa. Hiyo ndiyo ningetaka Mungu angemnyima, kuelewa. Akatafuta kiti kwa mkono nyuma yake, akaketi, akaweka kofia usoni.

"Si niliwaambia," akasema ndani ya kofia.

Kaka akainama. "Ulituambia nini, baba?"

Baba akateremsha kofia. Hakumjibu kaka. Alinitazama mimi, moja kwa moja, kwa macho yale yale ya kalamu nyekundu, na nilingoja aseme. Nilitamani aseme.

"Wacha tu," akasema.

Mzee wa Migwani ndiye alituokoa. Aliinua mikono, akasema tuombe, na akaomba maombi marefu ajabu. Akawaombea wenye mvua na wasio na mvua, akawaombea walimu wa nchi hii mpaka wa chekechea, mpaka watu wakapata nafasi ya kupangusa macho na baba mdogo akapata nafasi ya kuja kusimama pale mbele. Mbuzi walichinjwa. Ntheo ililiwa. Mdogo wangu ameolewa, hakuna wa kusema hakuolewa.

Wakati wa kuondoka yule mzee alikuja jikoni kuniaga. "Mama, asante kwa chakula," akasema. Kisha, "Zile barua. Nani alikuwa anaandika?"

"Baba," nikasema.

"Baba," akarudia. Akasafisha miwani kwa ncha ya shati. "Ningejua hali yake, ningekuja mapema tukae naye, sisi wawili tu, kabla ya mambo ya watu wengi." Akanipa mkono kwa heshima zote, akaenda. Afadhali angenitukana.

Jumatatu yake nilifungua kompyuta ya ofisi nikampelekea kaka barua zote za baba kama zilivyokuja. Herufi kubwa, kuku na mwewe, mama na viti, kila kitu. Sikugusa hata nukta. Vialama vya mshale vikajipanga pembeni. Jibu lilichelewa mpaka jioni, mstari mmoja: "Mwaka mzima baba anatuita, na wewe unamfunika mdomo." Hapakuwa na la kusahihisha. Mdogo wangu yeye alisema tu, "Dada, hata mimi? Mimi nesi?" Hilo liliniuma zaidi. Ndiye aliyempeleka baba kwa daktari, na daktari akasema mngekuja mapema kidogo. Kuna dawa za kupunguza mwendo wa ugonjwa, si za kurudisha kilichokwisha potea. Mficha maradhi kifo humuumbua, wazee walisema, na mimi maradhi niliyoyaficha hata hayakuwa yangu.

Siku hizi naenda Mukuyuni kila Ijumaa nikitoka kazini. Baba bado anajua Jumapili ni ya kanisa, bado anajua michungwa yake. Mimi ananijua mara nyingi. Juzi tulikaa barazani, nikawaza nimsomee kitu kimfurahishe, kwa sababu anapenda kusomewa. Nikafungua simu, nikatafuta ile barua iliyosifiwa Migwani, iliyosomwa mezani. Nikamsomea yote, salamu, methali, na pale anaposhukuru wakwe kwa subira yao.

Alisikiliza kichwa kimeinama, kidole kinapiga goti kila penye nukta, kama zamani alipokuwa anasahihisha. Nilipomaliza akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Hiyo ni barua," akasema. "Huyo mzee ana akili timamu. Ni nani?"

Nilitazama simu. Nilitazama michungwa.

"Ni mzee mmoja," nikasema.

"Mwandikie," akasema. Akanishika mkono, akasogea karibu kama mtu anayetoa siri. "Mwombe aje asimame badala yangu siku ya ntheo yako. Mimi, mwaitu, maneno yananipotea. Nilishaandika niwaambie, lakini nadhani barua haikufika."

Nikamwambia sawa, baba, nitamwandikia.